Makato ya Mtu Asiyeonekana

Mimi ni mwoga, na heri niliseme mwenyewe kabla mtu mwingine hajanisemea. Naogopa radi, naogopa pikipiki kwenye utelezi, naogopa karatasi yoyote yenye mhuri. Lakini mwaka ule hakuna nilichokiogopa kama uzee. Nilikuwa nimefundisha darasa la tatu muda mrefu kiasi kwamba wale niliowafundisha zamani sasa walikuwa wakiniletea watoto wao. Na kila nilipowatazama wenzangu waliostaafu kabla yangu, moyo ulinienda mbio. Mmoja wao, aliyenifundisha mimi mwenyewe kusoma, alikuwa akibeba magunia ya viazi ya watu sokoni ili apewe viazi vya kula. Alinisalimia kwa furaha. Mimi nikamwuliza habari za mvua.

Pensheni ya serikali tulikuwa tukiisikia tu, na aliyeisikia zaidi alikuwa ameshazikwa. Ndiyo maana sisi walimu wa vilima hivi, kuanzia Nyamitaba mpaka Karuba, tulikuwa na mfuko wetu wa uzee. Mshahara ulipotoka, kama ulitoka, mjumbe wa mfuko alikata kidogo kwa kila mmoja. Mume wangu alikuwa mwalimu pia, na mwanachama pia. Kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na mafungu mawili ya uzee, lake na langu, na tulizoea kutaniana nani atakula la mwenzake.

Kisha mume wangu akaenda Walikale, asirudi.

Alikwenda wakati wa likizo, kama likizo zote. Alipeleka maharage, arudi na mafuta ya mawese, maana mwalimu wa huku asiye na biashara ndogo atawalisha watoto wake chaki. Safari hiyo vita vikaifunga barabara nyuma yake. Mtu wa pikipiki alimwona sokoni siku risasi zilipolia, watu wote wakakimbilia porini, kila mmoja upande wake. Ni hayo tu tuliyoyapata. Mwanzoni nilipiga simu yake hata nikiwa darasani, watoto wakiimba jedwali la kuzidisha nyuma yangu. Mwaka ukapita, na wa pili ukawa unaelekea kwisha, na sauti ya simu ikanijibu kila mara kwamba mtu huyo hapatikani.

Wakati huohuo, mfuko wetu ukaitisha mkutano. Vita vilikuwa vimeupunguza, wanachama walikuwa wametawanyika, makato yakapandishwa. Walimu wakapiga kelele. Mwishowe ikaamuliwa kwamba, kabla mwaka wa shule haujafungwa, kila mtu achague: abaki na fungu lake mfukoni, alihamishie kwenye kopeki, chama cha akiba cha kando ya ziwa, au alitoe anunue ng'ombe na kumweka kwa wafugaji. Wenzangu walichagua siku ileile, wengine kwa hasira tu. Mimi sikulala vizuri tena.

Mume wangu alikuwa na maswali matatu aliyoyauliza kwa kila jambo la pesa, hata tukinunua mbuzi. Wanakata nini? Inazaa nini? Na mambo yakiharibika, nani analipa? Nilikuwa nikimcheka. Sasa nikayachukua maswali yake nikaenda nayo barabarani, mimi na woga wangu.

Nilianzia Karuba kwa sababu ng'ombe ndiye aliyenivutia. Mfugaji niliyeelekezwa alikuwa mtu wa maneno machache, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Alinionyesha ng'ombe wa watu waliotapakaa kwenye mteremko: huyu wa muuguzi, yule wa mchungaji wa kanisa, wale wawili wa mjane fulani. Ukimweka ng'ombe kwake, maziwa ni yake, anawauzia watengeneza jibini. Ndama ni wako, ila kila anapofika wa tatu, huyo ni wa mfugaji. Niliona makato hayo ni ya kiungwana. Na faida ilikuwa mbele ya macho yangu, ikicheua. Nilijiona mzee, nimekaa mlangoni, mtu ananiletea habari kwamba ng'ombe wangu amezaa.

"Na wenye bunduki wakikuja?" nikamwuliza.

"Hapo, Mama, tunakimbia wote. Na ng'ombe anajua kukimbia kuliko weye."

"Wakimubeba?"

"Wakimubeba, wamemubeba. Akikufa na ugonjwa, nakuletea ngozi yake, ujue sikumuuza. Wakimubeba, nitakuletea nini?"

Alisema hivyo bila ubaya wowote, nami nilimpenda kwa sababu hiyo. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimeuona uzee wangu ukiswagwa kilimani na watu nisiowajua.

Siku nyingine niliteremka mpaka Kirotshe, kwenye kopeki. Ukumbi ulikuwa safi, na msichana wa dirishani alizungumza kwa upole hata nikaanza kumshuku. Wanakata kwa kukutunzia kitabu, wanakata unapoweka, wanakata unapotoa. Faida ipo, ila ni ndogo. Msichana mwenyewe aliitaja kwa sauti ya chini. Nikauliza mambo yakiharibika nani analipa. Akasema pesa yangu ni yangu, hata nikifa familia itapewa, lakini itapewa ileile tu iliyomo. Nikauliza, na siku barabara ikifungwa nikiwa mlimani na pesa ikiwa huku ziwani? Akatabasamu, akasema tumwombe Mungu. Nilimshukuru. Kusali najua mwenyewe, bila makato.

Ukabaki mfuko wetu. Mjumbe, ambaye sote tulimwita Papa Delege, alikuja nyumbani kunieleza, kwa kuwa alijua jambo langu lilikuwa na kona. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa haki, mwenye kikohozi. Mama mkwe wangu alikaa karibu na moto akimenya maharage, na hakuna aliyejali kama anasikia. Bibi huyu alizaliwa msituni Walikale, binti wa mwindaji, akaolewa huku Masisi akiwa msichana. Mume wangu alikuwa mtoto wake wa mwisho na pekee aliyebaki. Tangu atoweke, tulibaki wawili nyumbani, mimi na yeye, na watoto wangu wameolewa mbali.

Papa Delege hakunificha. Makato ya mfuko yalikuwa makubwa kuliko ya wote. Faida ilikuwa karibu na hakuna.

"Lakini asiransi, Mama mwalimu, njo nguvu yetu," alisema, akimaanisha bima. "Mwanachama akikufa mbele ya kustaafu, muke wake anapata fungu yake kila mwezi, mpaka na yeye anakufa. Na sanduku ya kuzikwa tunatoa. Iko wapi ng'ombe yenye itakufanyia vile?"

"Na fungu ya bwana wangu mimi naweza kuhamisha?"

"Akuje atie sahihi."

Mama mkwe aliendelea kumenya.

Hapo inabidi nieleze kona yenyewe. Kanuni ya mfuko ilisema asiyelipa muda mrefu, fungu lake linaingia kwenye chungu cha wote. Kwa hiyo tangu mume wangu atoweke, nilikuwa nikilipa makato ya watu wawili kutoka mshahara mmoja. Kila mwezi nilimlipia mtu asiyeonekana ili asifutwe. Nilipunguza sukari, kisha sabuni, kisha nikaanza kukopa chumvi kwa majirani. Makato yalipopanda, mshahara wangu haukutosha tena. Lakini kuacha kumlipia ilikuwa sawa na kusema hayupo, na maneno hayo hayakuweza kutoka kinywani mwangu.

"Niko nakuhurumia, Mama," Papa Delege akasema. "Lete cheti ya kifo, mambo iishe. Utaanza kupokea badala ya kutoa."

"Hakukufa."

"Basi endelea kulipa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utachoka," alisema, na akakohoa kwa muda mrefu. Nadhani aliona haya.

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliniita kabla sijaenda shuleni. Alisema jambo moja tu: "Tuzike mugomba."

Nilijua maana yake. Mtu akipotea na mwili wake usionekane, kwao hukata shina la mgomba, hulivalisha nguo yake, hulilia, hulizika. Baada ya hapo matanga yamekwisha, na aliyepotea anahesabiwa kati ya waliolala. Chifu wa kijiji chetu hatoi cheti cha kifo kabla ya kuona matanga. Kwa hiyo yote yalikuwa yamefungwa pamoja, mfuko na cheti na shina la mgomba, na bibi aliyekuwa akimenya maharage ndiye aliyeuona uzi kabla yetu.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia sisi ni Wakristo. Nikamwambia neno baya zaidi.

"Mama, unataka kumuua mutoto wako kwa sababu ya feza?"

"Nataka ukule," akasema. "Na mimi nataka kukula. Ukiendelea kulipa ya watu wawili, tutakufa weye na mimi, yeye akuje akute nyumba iko wazi. Weye unajua vitabu. Niambie kama nasema uongo."

Hakusema uongo. Lakini woga wangu haukuwa wa vitabu. Darasani niliwaambia watoto kwamba mti ni mti. Moyoni niliamini kwamba siku tutakayolitupia udongo lile shina, huko aliko, kama yuko, kifua chake kitabana, hewa itakuwa nzito, atajiuliza amekosa nini. Na atakayekuwa amemfanyia hivyo ni mimi, ili nipate sukari. Wiki ile nilikaa na woga huo kama mtu anayekaa na mgonjwa. Ubaoni niliandika hesabu ileile mara mbili, watoto wakadhani nina malaria.

Mama mkwe aliona. Akanikalisha chini nje ya nyumba na kuninong'oneza, kama anayefundisha jambo la aibu.

"Sikia. Akirudi, asipite kwa mulango ya mbele. Muntu mwenye balishamuzika, anaingia kwa mulango yenye haijapitwa na muntu. Na asifunguliwe. Ajifungulie mwenyewe. Akiingia vile, mugomba inabaki mugomba."

"Mama, unasema akirudi?"

"Nasema akirudi. Ulifikiri wazee wetu walikuwa wajinga? Batu walipotea tangu zamani. Wengine walirudi."

Nililia hapo hapo, kwa hasira na kwa ahueni. Nilikuwa nimeuliza kila mahali mambo yakiharibika nani analipa, na hakuna aliyefikiria kunieleza itakuwaje mambo yakitengenea. Basi nikasema sawa.

Majirani walikuja wengi. Kijana aliyetumwa bustanini alileta shina, mama mkwe akalipima kwa mikono akalikataa. Akasema mtoto wake si mfupi hivyo. Likaletwa jingine, refu na zito, akaliinamia, akalishika pale ambapo pangekuwa bega, akasema hili sawa. Tulilivalisha koti la mume wangu la kijivu, lile alilovaa siku za mitihani. Sikutegemea koti linishinde. Nilipofunga kifungo cha juu, mikono yangu ikakumbuka kazi hiyo, nikaanza kupiga mayowe ambayo hayakuwa ya desturi wala ya maonyesho. Wanawake wakanishika.

Katekista alikuwa amekataa kuja, kisha akaja. Alisimama nje ya ua, akasali kwa sauti kwa ajili ya wasafiri wote walio mbali na kwao. Hakutaja maiti, hakutaja mgomba. Chifu alivua kofia. Papa Delege alikuwepo pia na skafu shingoni, kwa kuwa mfuko uliyakubali matanga ya namna hiyo kwa waliopotea vitani. Sikuwa wa kwanza kumzika mtu hivyo. Udongo wa kwanza ulipolipiga lile shina, ulitoa mlio wa maji, kwa sababu mgomba umejaa maji. Nilitaka kuwaambia wasimame. Sikusema. Niliogopa kusema, na niliogopa kunyamaza, na nilipokuwa bado nachagua, kaburi likajaa.

Cheti kikatoka. Papa Delege akaniletea karatasi ya mwisho, akanisomea kifungu kimoja mara kadhaa ili nisije nikasema sikujua. Kama mume wangu ataonekana hai, nitarudisha kila nilichopokea. Nisipoweza, kitakatwa kwenye fungu langu mwenyewe la uzee. Ndiyo maana fungu langu lisingeweza tena kuhama, wala kwenda ziwani, wala kugeuka ng'ombe. Lilikuwa dhamana.

"Umeelewa, Mama? Akirudi, uzee yako inabeba yake."

Nilielewa. Ng'ombe wangu wa Karuba akaishia hapo. Nikabaki kwenye mfuko wenye makato makubwa kuliko yote na faida ndogo kuliko yote, mimi niliyezunguka vilima nikilinganisha. Nikatia sahihi.

Malipo ya kwanza yalikuja. Tulinunua sukari, tukanunua sabuni, mama mkwe akapata dawa ya macho. Tulikula vizuri, na kila tonge nililijua limetoka wapi. Lakini woga, ambao nilidhani utatoka kaburini na watu siku ile, ulihamia mahali pengine. Nilikuwa nikitoka shuleni, nikaona mtu wa mbali kwenye njia ya kilimani, mwanaume mwenye mfuko begani, mwendo wa kuchoka. Niliogopa kwamba si yeye. Halafu, Mungu anisamehe, niliogopa kwamba ni yeye. Nilijikuta nafikiria nitarudisha na nini hata kabla sijauona uso wake. Mtu yule akapita akanisalimia. Alikuwa muuza betri za tochi.

Nilisimama njiani pale muda mrefu. Niliona wazi jinsi mambo yatakavyokuwa. Miezi itakwenda, malipo yatakuja, deni litakua, nami nitazidi kuomba kimya kimya kwamba njia ile ibaki tupu. Hakuna atakayejua. Nitamlilia kanisani, nitamkumbuka kwenye misa, na moyoni nitakuwa nimemfungia nje. Jambo hilo liliniogopesha kuliko risasi zote nilizowahi kuzisikia Masisi.

Malipo ya pili yalipokuja sikuyafikisha sokoni. Nilikwenda kwa seremala moja kwa moja, nikamwambia nataka mlango ukutani, upande wa nyuma unaotazama migomba. Akasema nyumba ndogo hivi mlango mmoja unatosha. Nikamwambia akate. Alikata mbao za ukuta kwa msumeno, mwanga ukaingia chumbani mahali ambapo haujawahi kuingia, na mama mkwe akasogeza kigoda chake akauota. Jirani akapita akauliza kama nawafungulia wezi, nyakati hizi watu wanaweka vyuma mpaka kwenye madirisha. Nilicheka naye, ingawa nilijua hatanii. Alikuwa na haki. Kwetu huku mlango ni kitu cha kwanza wanachojaribu.

Tangu siku ile hakuna aliyepita pale. Kuku wakijaribu tunawafukuza, na mbuzi tumemfunga upande mwingine. Mama mkwe analinda kizingiti hicho kwa fimbo, macho yake mabovu hayamzuii. Mimi nafagia mpaka karibu, kisha nafagia kuzunguka.

Jioni ile seremala alipomaliza alitoa komeo mfukoni, jipya, akaniuliza aliweke juu au katikati. Niliutazama mlango, nikaitazama migomba nyuma yake, na neno la mama mkwe likanirudia, kwamba ajifungulie mwenyewe. Nikamwambia arudi nalo.